Asali, Uzi, Giza, Chumvi

Mwizi alikuwa amefunga friza vizuri. Hilo ndilo lililomkera Inspekta kuliko yote.

Alisimama mbele ya lile kabati refu la chuma, mikono nyuma kama alivyoagizwa, akalisikiliza likinguruma kama mtu anayelalamika usingizini. Mlango wa nje ulikuwa umefungwa kwa komeo. Ndani, vilango vinne vya rafu navyo vilikuwa vimefungwa. Barafu iliyozoea kuota ukingoni ilikuwa imefutwa kwa kitambaa. Glavu nene za bluu, zile za kushikia vitu vya baridi kali, zilikuwa zimerudishwa kwenye misumari yake, ya kulia kulia, ya kushoto kushoto. Kwa miaka kumi na tisa Inspekta alikuwa amewaona wezi wa kila namna, hata mmoja aliyepitiwa na usingizi juu ya godoro aliloliiba. Mwizi wa kufuta barafu hakuwahi kumwona.

Kilichoibwa kingetosha kwenye mfuko wa koti: kisanduku cha karatasi ngumu, ndani yake vichupa sita vya kioo, kila kimoja na kijiko cha maji meupe yaliyoganda. Dawa hiyo haikuwa ya watu wengi. Ilikuwa ya mtu mmoja tu duniani, binti wa miaka minne aliyelazwa kwenye wodi ya watoto, ng'ambo ya ua.

Profesa, mwenye maabara, alimweleza huku akienda na kurudi, koti lake jeupe limefungwa vifungo kombo. Ini la mtoto lilikuwa limeshindwa kuondoa sumu inayotokana na chakula, kwa sababu katika maandishi yote ya mwili wake herufi moja ilikuwa imekosewa. Moja kati ya bilioni tatu. Dawa ilibeba vitu viwili, mkasi na mwongozo. Mkasi ulikuwa na makali lakini hauna macho. Mwongozo, uzi mfupi wa RNA wenye herufi ishirini za kutafutia njia, ndio uliomshika mkasi mkono na kumpeleka hadi pale palipokosewa, parekebishwe.

"Na isipopatikana leo?" Inspekta aliuliza.

Profesa alisimama. Alikuwa mzee wa miaka sitini na mitatu, mwembamba, mwenye macho ya mtu aliyesoma maandishi madogo maisha yake yote. Alisema daktari wa watoto alikuwa ameandika sindano ichomwe saa kumi alasiri. Sumu damuni ilikuwa ikipanda kila siku, na kesho huenda mtoto asiwe na nguvu ya kuipokea dawa yoyote.

"Leo au basi," akasema. "Hayo si maneno yangu. Ni yake."

Saa ya ukutani ilionyesha saa nne na robo.

Juu ya meza ya kazi kulikuwa na tangazo la herufi kubwa: MKONO MTUPU HAULAMBWI, WALA HAUGUSI RNA. Inspekta aliuliza ni utani au ni sheria. Profesa alijibu kwamba ni vyote viwili. Ngozi ya kidole ina vimeng'enya vinavyotafuna RNA kama mchwa na karatasi. Gusa mara moja bila glavu, na kazi ya miezi miwili imekwisha. Ndiyo maana humo ndani jaribio likiharibika, hakuna aliyeuliza kwanza kuhusu mashine wala hesabu. Waliuliza ni mkono wa nani.

Inspekta aliliandika hilo kwenye kijitabu chake, akalipigia mstari. Mtu aliyetaka kuiua dawa ile hakuhitaji kuiiba. Angefungua kifuniko, achovye kidole, aende zake akanywe chai.

Aliomba aonyeshwe barafu kavu, ile barafu nyeupe inayotoa moshi bila kulowanisha, ambayo hutumika kusafirishia vitu vya namna hiyo. Ilikuwa kwenye sanduku kubwa koridoni. Alipoinama kutazama, Profesa alimvuta bega. Moshi ule hufukuza hewa, alimwonya. Ukiuweka kwenye chumba kidogo bila kufungua dirisha, utazimia kabla hujajua kinachokuzimisha. Inspekta alitazama kwa mbali. Upande mmoja ulikuwa umechotwa, kiasi cha ndoo moja ndogo, na pauro ya kuchotea ilikuwa imepangushwa na kusimamishwa penye pembe yake.

Kwa hiyo mwizi alitaka vichupa viwe hai.

Kwenye benchi la koridoni alikaa mwanamume mwenye futi ya kitambaa shingoni. Alikuwa fundi cherehani, na alikuwa baba wa mtoto. Siku ile mtoto alipozidiwa alikuwa akimpima mteja, akakimbia na futi yake hivyohivyo, na kwa siku tisa hakuwa amekumbuka kuivua. Alimtazama Inspekta jinsi watu wanavyotazama mlango wa chumba cha upasuaji.

"Afande, umeipata?"

"Bado."

Akaitikia kwa kichwa, akarudi kuitazama sakafu.

*

Mlango wa maabara ulifunguliwa kwa kadi, na mashine yake ilikuwa imeandika kila kitu. Kadi ya mwisho kabla ya wizi kugunduliwa ilipita saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na ilikuwa ya mtafiti mmoja kijana ambaye wenzake walimwita Msomi. Profesa aliposikia hivyo aliruka kama aliyemwagiwa maji ya moto. Alijua, alisema, tangu zamani alijua! Msomi alikuwa amepata kazi kwenye kampuni moja ya dawa nje ya nchi, na barua ilikuwa mkobani mwake. Nani mwingine angetaka vichupa vile viwe hai ila mtu mwenye pa kuvipeleka?

Walimkuta kantini, na chini ya kiti chake kulikuwa na boksi la kuhifadhia baridi. Inspekta alilifungua mwenyewe. Ndani kulikuwa na chakula cha mchana kilichofungwa na mama yake Msomi, na kikaratasi kilichomwagiza asilirudishe likiwa na mabaki.

Msomi hakukasirika. Barua alikuwa nayo, hakuificha, na Profesa mwenyewe ndiye aliyemwandikia ya kumsifu, ila amesahau. Kuhusu kadi, alisema kadi yake hubaki kwenye koti lake jeupe, msumarini nje ya mlango, na kila mtu huitumia kwa sababu za wengine hukwama. Saa kumi na mbili na nusu yeye alikuwa bado anagombana na shuka.

Inspekta alifungua daftari alilokuja nalo. Lilikuwa daftari la friza, lililokuwa limefungwa kwa uzi kwenye mpini wake, ambamo kila anayefungua mlango huandika saa, jina na nyuzijoto. Mstari wa mwisho haukuwa na jina. Ulikuwa na saa, 12:40, na namba moja mbele yake, -79.

"Ni wewe uliyeandika hapa?"

Msomi alitazama, akacheka kwa mara ya kwanza.

"Afande, mimi hata nikiwa mwema sijazi daftari hilo. Muulize Mama Glavu wa humo maabara anavyonisimanga."

Inspekta alimwachia ale. Mtu asiyejaza daftari akiwa na haki hawezi kulijaza akiwa anaiba. Mwizi wake alikuwa ni mtu ambaye mkono wake uliandika kabla kichwa hakijaukataza. Na aliandika saba yenye mkanda, kistari kilichokatiza kiunoni. Alirudi nyuma kurasa tano, kumi, ishirini, akiifuata saba ile kama mtu anayefuata nyayo kwenye tope.

Ilikuwa saa sita kasoro alipoingia ofisini kwa Profesa kuomba hati za dawa. Ofisi ilikuwa ndogo, na miaka thelathini na moja ya kazi ilikuwa imeijaza mpaka dirishani. Profesa alimweleza bila kuulizwa, labda kwa sababu kunyamaza kungekuwa kubaya zaidi. Alipoanza, wenzake walimwambia RNA ni barua iliyoandikwa juu ya maji, haidumu, achague kitu kingine. Chuo kilimnyima chumba mara mbili, akafanyia kazi kwenye stoo ya mafagio. Miaka saba aliitumia kujua tu jinsi ya kuizuia RNA isioze. Miaka tisa mingine akajifunza kuifunika kwa mafuta ili ini liimeze. Ukutani kulikuwa na picha ya siku panya wa kwanza alipopona: Profesa akiwa bado na nywele nyeusi, panya kiganjani ndani ya glavu, na pembeni yake mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba. Picha haikuwa na mtu wa tatu.

"Huyu?"

"Fundi wangu wa maabara. Tunamwita Mama Glavu." Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, uso wake ulilegea. Alisema kwamba miaka ishirini nyuma, yule mama alishika mrija mmoja bila glavu akaua kazi ya miezi miwili. Tangu siku ile hukagua mikono ya watu mlangoni kama mwalimu anayekagua kucha.

Hati ya kuagiza dawa ilikuwa kwenye jalada la kijani, na juu yake kulikuwa na daftari jingine, kuukuu, lililoandikwa KUSOMEANA. Inspekta aliuliza ni la nini. Profesa alisema ni utaratibu wa zamani. Kabla ya kuagiza mwongozo wowote kiwandani, watu wawili husomeana herufi zake, mmoja akitaja, mwingine akiitikia kutoka karatasi nyingine, kisha wote wawili hutia sahihi. Herufi za RNA ni nne, A, U, G na C, na friza ikinguruma zilikuwa zikisikika vibaya, basi wakazipa majina. A ni asali. U ni uzi. G ni giza. C ni chumvi. Mlinzi mmoja mgeni aliwahi kuwasikia, akaja kuuliza ni nani wa kutumwa dukani.

Inspekta hakucheka. Alikuwa amefika ukurasa wa mwisho. Kurasa zote za nyuma zilikuwa na sahihi mbili mbili, kama wanandoa. Huu ulikuwa na moja.

"Mwenzako alikuwa wapi?"

"Kwao. Mama yake alikuwa mahututi." Profesa alilifunga daftari. "Na mtoto wa watu asingeweza kungoja matanga yaishe. Nilisoma mwenyewe, mara mbili. Miaka thelathini na moja, Afande. Hata mimi nahitaji kusomewa?"

Inspekta alilitia daftari ndani ya jalada, pamoja na hati. Alitoka na jalada kwapani.

"Umeipata?" baba wa mtoto aliuliza alipopita.

"Nakaribia."

Hakupenda alivyolisema. Lilikuwa neno la kumpa mtu ili usimtazame machoni.

*

Chumba cha kuoshea vyombo kilikuwa mwisho wa koridoni. Nje mvua ilikuwa ikinyesha kwa upepo, na dirisha lilikuwa wazi kabisa, matone yakiruka hadi kwenye sinki. Mwanamke wa kwenye picha, sasa akiwa na mvi, alikuwa akisugua chupa. Alivaa sweta mbili, na juu yake koti jeupe.

"Baridi, Mama," Inspekta alisema.

"Kidogo, Afande."

"Funga dirisha basi."

Mama Glavu aliendelea kusugua. Dirisha halikufungwa.

Inspekta alivuta kigoda, akakaa, akaliweka daftari la friza juu ya meza mbele ya chupa safi.

"Saba yako ina mkanda. Umeiba dawa ya mtoto, kisha ukaandika nyuzijoto."

Mama Glavu aliutazama mstari ule kama mtu anayesoma barua aliyoisahau. "Mlango ukifunguliwa lazima uandike," akasema. "Usipoandika, anayekuja nyuma yako hajui vitu vyake vimekula joto kiasi gani."

"Viko wapi?"

"Ni vizima."

"Sikuuliza hali yao."

Akainama, akasogeza madumu mawili ya sabuni chini ya sinki, akavuta boksi jeupe la povu gumu. Kifuniko hakikubana, na penye ukingo moshi ulikuwa ukimwagika polepole hadi sakafuni. Inspekta alivaa glavu alizopewa bila kuambiwa, akafunua. Kisanduku kilikuwemo, kimezikwa katikati ya barafu kavu, vichupa sita, hesabu kamili.

Ilikuwa saa saba na dakika ishirini. Kesi ilikuwa imekwisha. Kilichobaki kilikuwa kulibeba boksi, kuvuka ua mvuani, kumkabidhi daktari, kisha kurudi kumfunga mama huyu pingu. Dakika kumi na tano, na muda ungebaki.

Lakini barafu iliyofutwa ilikuwa bado inamkera.

"Kwa nini?" aliuliza.

Mama Glavu alisema, na aliposema hakulia, jambo lililofanya iwe vigumu kumsikiliza. Vichupa vilikuja saba kutoka kiwandani, cha saba kikiwa cha majaribio. Alichukua seli za mtoto, zile walizokuwa wakizilea kwenye visahani, akazidondoshea dawa, akangoja siku tatu. Herufi iliyokosewa ilibaki imekosewa vilevile. Akarudia. Vilevile. Akarudia tena, amevaa glavu mbili mbili, pumzi ameziba kwa kitambaa. Vilevile. Kila mara alimwendea Profesa na karatasi ya majibu, na kila mara Profesa alimjibu bila hata kuketi, kwa upole, kama anavyomjibu mgonjwa: ni mkono wako, dada. Utakuwa umegusa. Unakumbuka ule mwaka?

Alikwenda kwa daktari wa watoto. Daktari alimsikiliza, kisha akamwomba alete barua ya Profesa. Jana alimwomba Profesa jambo moja tu, wasomeane zile herufi, wao wawili, kama zamani. Profesa alimwambia jalada limefungiwa na hakuna muda wa michezo.

"Ungevimwaga," Inspekta alisema. "Ungegusa tu. Nani angejua?"

"Na kama kweli ni mkono wangu?"

Chupa aliyoshika iligonga ukingo wa sinki.

"Nikivimwaga, na yeye ndiye mwenye haki, nimemuua mtoto. Nikinyamaza, na mimi ndiye mwenye haki, nimemuua mtoto. Nilitaka saa chache tu, Afande. Nilijua wewe ama mwenzako mtakuja, na polisi huwa mnauliza. Yeye hajaniuliza kitu tangu mama yangu afe."

*

Profesa alipoletwa na kuliona boksi, alilirukia. Inspekta aliliwekea kiganja juu.

"Hiki ni kielelezo. Hakitoki hapa mpaka nijue ni nini."

Profesa alimwambia ni nini. Alimwambia kwa sauti iliyofika koridoni kwamba ni uhai wa mtoto, kwamba dawa ile huchukua saa mbili kuyeyuka, kwamba kila dakika wanayopoteza pale ni yeye Afande atakayeijibu mbele ya yule baba. Kisha akamgeukia Mama Glavu, na sauti ikavunjika. Alimwita kwa jina lake halisi. Akamwuliza amemkosea nini.

"Herufi ishirini husomwa kwa muda gani?" Inspekta alikatiza.

"Dakika moja! Lakini..."

"Nipe hiyo dakika."

Akalifungua jalada la kijani, akampa Profesa hati ya kuagiza. Mama Glavu alikausha mikono, akavaa glavu mpya ingawa haikuwa lazima, akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne, ripoti ya mtoto kutoka hospitali. Wakasimama pande mbili za sinki. Baba wa mtoto alikuwa amesikia kelele, amesimama mlangoni, na hakuna aliyemfukuza.

"Giza," Mama Glavu alisoma.

"Giza," Profesa aliitikia, kwa hasira.

"Asali."

"Asali."

"Chumvi."

Mvua ilisikika. Profesa alifungua mdomo, akaufunga. Alisogeza karatasi karibu na macho, kisha mbali.

"Chumvi," Mama Glavu alirudia, polepole sasa, kama anayemwamsha mtu.

"Uzi," alisema Profesa. "Hapa pana uzi."

Inspekta aliangalia nyuso zao mbili, na akajua kwamba wote walishaelewa jambo ambalo yeye bado. Mama Glavu ndiye aliyelisema, na hakukuwa na ushindi katika sauti yake.

"Soma kutoka mwisho, kaka."

Profesa alipeleka kidole kwenye herufi ya ishirini, akaanza kurudi. Giza, asali, chumvi, uzi. Mama Glavu akisoma mbele, yeye akisoma nyuma, wakaitikiana hadi herufi ya mwisho, na hakuna hata moja iliyokataa. Uzi wa RNA una kichwa na mkia, nao husomwa kutoka kichwani. Profesa alikuwa ameunakili kutoka mkiani. Kisha alisoma mara mbili karatasi yake mwenyewe, na jicho la mtu peke yake huona linachokitarajia. Kiwanda kilitengeneza alichoagiza, herufi kwa herufi, kikaleta na cheti kwamba hakuna kosa lolote.

"Mwongozo huu ungeupeleka wapi?" Inspekta aliuliza. "Huo mkasi."

Profesa alitoka. Walimsikia akibofya kompyuta chumba cha pili. Akarudi. Alisema, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la msiba, kwamba zikiwa kinyume, herufi kumi na nane kati ya zile ishirini zinafanana na mahali pengine kabisa, ndani ya jeni inayozizuia seli zisiote ovyo. Sindano isingemponya mtoto. Na kama ingemfanyia lolote, lingekuwa kuikata jeni hiyo, seli zigeuke saratani.

Akakaa sakafuni, penye maji, na koti lake jeupe.

"Haukuwa mkono wako," alimwambia Mama Glavu. "Ulikuwa wangu."

*

"Afande," alisema baba wa mtoto kutoka mlangoni. "Umeipata?"

Inspekta alikuwa amewapa watu habari za vifo milangoni mwao, chumbani mwao, mara moja harusini. Hakuwahi kumwambia mtu kwamba alichokuwa akikingoja kimepatikana, kiko hapa, na hakiwezi kutumika.

"Nimeipata," alisema. Akamwambia na yaliyobaki, yote, kwa maneno mafupi, kwa sababu marefu yangekuwa ya kujisaidia mwenyewe.

Yule baba hakupiga kelele. Alishika ncha mbili za futi yake, akazivuta chini, akazishikilia hivyo. Akauliza sasa nini.

Profesa alinyanyuka, akapiga simu kiwandani akiwa bado amelowa. Mara ya kwanza, dawa ilichukua wiki tano. Alisihi. Alisihi kwa namna ambayo Inspekta aligeukia dirishani asimwone. Wakikatiza foleni yote, walimwambia, wakifanya kazi usiku na mchana, siku kumi na moja. Simu ya pili ilikuwa ya daktari wa watoto. Alisema kuna mashine ya kusafisha damu. Ni ngumu kwa mtoto mdogo hivyo, alikuwa akiikwepa, lakini leo hii hakuna cha kukwepa. Ingemshikilia siku kumi. Labda. Hakutaka kudanganya, hakuongeza.

Kumi kwa kumi na moja. Siku ile moja ilikaa katikati ya chumba kama mgeni asiye na mwenyeji.

"Nguo ikipungua inchi moja," alisema fundi cherehani, "hatutupi kitambaa." Akakunja ncha ya futi yake, akaikunjua. "Tunafumua upindo. Inchi huwa ipo, imekunjwa tu. Mwambieni daktari aiwashe hiyo mashine."

Profesa alikuwa ameshachukua fomu mpya. Mama Glavu aliivuta kutoka mkononi mwake, akaiweka juu ya meza kavu, akamgeukia Inspekta.

"Unanikamata saa ngapi?"

"Ukimaliza kusoma."

Inspekta aliketi kwenye kigoda, akafungua kijitabu chake. Aliandika: Mali imepatikana, vichupa sita, vizima. Havikutoka nje ya jengo. Alifikiri kidogo, akaandika chini yake saa, na nyuzijoto za boksi alizozisoma kwenye kipimo.

Profesa aliandika herufi ishirini kwenye fomu, kutoka kichwani. Akalivuta daftari la kusomeana, ambalo lilikuwa na nafasi ya sahihi mbili. Yule baba alisogea. Alisema anataka kuwemo. Hajui kitu, alisema, ila kusoma anajua, na mtoto ni wake.

Mama Glavu alimtazama mikono. Kisha akachomoa glavu mbili kwenye boksi lake, akamvalisha mwenyewe, kidole kwa kidole, akampa ripoti ya hospitali na kumwonyesha mahali pa kuanzia. Kwenye daftari, chini ya mistari miwili, akachora wa tatu.

"Giza," alisoma yule baba.

"Giza," Profesa aliitikia.

"Asali."

"Asali."

Yule baba alisita. Kidole chake ndani ya glavu kilikuwa chini ya herufi ya tatu, na watu watatu walikuwa wameacha kupumua.

"Chumvi," akasema.

"Chumvi," alijibu Profesa.